Harufu ya Kuku Mkononi

Walisema sitamaliza mwezi. Waliniambia hivyo sokoni Mukuyuni, wakanirudia kanisani, na shemeji yangu mmoja alinivutia kiti akaniuliza kwa upole kama kule Ghuba nilikofanya kazi jua lilinipiga kichwani. "Wenzako wakirudi wanajenga ploti," alisema. "Wewe na diploma yako unafuga nyoka."

Nilimaliza mwezi, nikamaliza mwaka. Kibali changu cha kufuga nyoka kilikuwa ukutani ndani ya fremu, kando ya diploma ya utunzaji wa wanyama niliyoisomea jioni huko Ghuba, baada ya kutwa nzima ya kufagia vizimba vya watu wengine. Nilikuwa na chatu wawili na nyoka wadogo watano, kila mmoja na sanduku lake la kioo. Shule zilileta watoto kutoka Makindu, na moja ilitoka mbali huko Kanyangi. Nayataja haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata hayana cha kujivunia.

Kulisha nyoka ni kazi ya utulivu. Anayeliwa awe amekufa tayari, maana panya mzima akiachwa ndani na nyoka asiye na njaa, panya ndiye humtafuna nyoka. Chakula kitolewe kwa koleo refu, si kwa vidole. Nyoka macho yakiingia ukungu, anakaribia kujivua ngozi, basi aachwe. Akishameza asiguswe siku mbili, la sivyo atatapika. Niliyaandika hayo kwa kalamu nyekundu nikayabandika mlangoni.

Aliyeyafuata ni dada yangu mkubwa, aliyekuwa akinisaidia kulisha, naye aliishia darasa la saba. Tena aliongeza yake. Alifunika kioo kwa leso mpaka nyoka amalize kumeza. Siku isiyo ya kulisha, kabla ya kumtoa chatu, alimgusa kwanza kwa fimbo, polepole, ili ajue kwamba hakuna chakula kilichokuja. Na alinawa kwa sabuni kila mara, kabla na baada. Nilimcheka. Nilimwambia leso haikuwa kwenye silabasi.

Shida yangu ilikuwa chakula chenyewe. Panya wa kutegwa huku wamekula sumu ya dukani, na sumu hiyo humuua nyoka naye. Ndipo wanawake sita wa kikundi cha kanisa wakaniazima kuku sita wa kuatamia, kila mmoja wake, niwarudishe nikishapata vifaranga wa kutosha kulisha nyoka. Hawakuniazima mimi, kusema ukweli. Walimwazima dada yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatunzia kuku wa kikundi, na ufunguo wa banda ulikaa shingoni mwake.

Jumapili moja niliwaalika wanawake hao pamoja na pasta. Kwetu wageni kama hao huchinjiwa jogoo. Nilimchinja mwenyewe, na kwa kutaka waone kwamba ng'ambo haikuniharibu, nikamnyonyoa pia. Nikasuuza mikono kwa maji matupu, nikawaongoza hadi chumba cha nyoka.

"Nawa, mwana wa mwaitu," dada yangu akaninong'oneza. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, yaani mwana wa mama yetu. "Unanuka kuku. Na uchukue fimbo."

"Daktari, kwani wewe ulisomea wapi?" nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. Wageni wakacheka.

Nikafungua kioo nikaingiza mkono. Chatu mkubwa aliung'ata chini ya kidole gumba na kujizungusha mpaka kiwiko. Nilipiga mayowe. Pasta alishafika uani. Dada yangu peke yake ndiye aliyekuja. Alishika mkia akaanza kumkunjua kutokea huko, duara moja baada ya jingine, akiniambia nisivute kwa sababu meno yameelekea nyuma. Mwishowe akasukuma kichwa mbele kidogo, kikaachia. Akamrudisha ndani, akafunika leso.

"Imekuwaje?" mwenyekiti wa kikundi akauliza mlangoni.

Nikasema, "Huyu nilimwachia kazi ya kulisha. Amewalaza njaa."

Dada yangu alikuwa akinifunga mkono kwa kitambaa. Aliinua macho, akanitazama, akaendelea kufunga.

Wiki hiyo hiyo kikundi kilimnyang'anya ufunguo wa banda. Mtu anayesahau kulisha hapewi mali ya watu. Aliacha kwenda mkutano wa Jumatano, akasema shamba limemzidi. Lakini kwangu hakuacha kuja. Alilisha nyoka, akafunika leso, akaniarifu: "Mkubwa amekula. Yule mdogo ana ukungu machoni." Mimi niliyejisifu nimeishi na watu wa kila taifa, sikuweza kusema sentensi moja ya kumwomba radhi.

Vifaranga walipotosha, niliwatia kuku sita kikapuni nikaenda nyumba kwa nyumba. Mwanamke wa kwanza nilimkabidhi kuku wake, nikanywa chai, nikaaga. Nikafika getini, nikarudi.

"Mama, dada yangu alikuwa amewalisha. Mimi ndiye sikunawa mikono."

Alimweka kuku chini. "Na ukatuacha tumpokonye ufunguo?"

"Ndiyo."

"Hiyo diploma inafundisha hivyo?"

Nikabeba kikapu nikatoka. Nyumba nyingine walinicheka. Mmoja alikataa kumpokea kuku mpaka niyarudie maneno mbele ya mumewe. Wa mwisho alikuwa mwenyekiti.

"Kuku nimempokea," alisema. "Hayo mengine utayasema Jumatano, ukiwa umesimama, na yeye ameketi."

"Nitakuja."

"Ufike mapema. Utapanga viti."

Nilirudi nyumbani nimewalipa wote sita. Dada yangu alikuwa uani akiosha koleo, na kwake nilikuwa bado sijasema lolote.