Kigari cha Mtoto Ambaye Shingo Yake Haijakaza

Walisema nitarudi na begi la nguo na simu iliyopasuka kioo. Baba yangu mdogo ndiye aliyesema hivyo kule Narung'ombe, mbele za watu, siku nilipopanda basi kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi. Walisema stashahada sitaipata, nikiipata sitapata kazi, na nikipata kazi sitaonekana tena. Nilirudi. Nilirudi na stashahada ya ufundi mitambo na masanduku mawili ya chuma yaliyojaa vifaa vyangu mwenyewe. Leo karakana yangu ya Nachingwea inapokea mashine za kusaga na pampu za maji kutoka vijiji ambavyo walionicheka hawajawahi kufika. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa mikono hii. Nayaandika haya bila aibu.

Basi mke wangu alipojifungua na mimi nikatangaza kwamba nitanunua kigari cha kumsukumia mtoto, watu walipata jambo jipya la kusema sitaliweza. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, alipandisha miwani yake ya kazi kwenye paji la uso.

"Kigari kwenye mchanga huu? Utakibeba kichwani, fundi, na mtoto humo ndani."

"Utaona."

"Naona tayari. Naona mtu anayetaka kuoga maji kabla hajachimba kisima."

Haikuwa fahari tupu. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji na mshono wake ulichelewa kupona. Muuguzi alimkataza kubeba, kuinama na kupanda bodaboda. Kutoka kwetu hadi kliniki ni nusu saa ya mguu kwa mtu mwenye afya, barabara ya udongo mwekundu iliyochimbwa na maji ya mvua. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ruponda kumlea mzazi, lakini arobaini ikiisha angeondoka, maana ufuta wake ulikuwa unaanza kukauka shambani, na ukichelewa kuuvuna vitumba vinapasuka na mbegu zote zinamwagika chini. Mimi asubuhi niko karakana. Binti yetu alitakiwa kliniki siku chache baada ya arobaini, kisha kila mara baada ya hapo. Mama yake angempelekaje?

Kununua mapema kusingewezekana. Kwetu mtu hanunui vitu vya mtoto ambaye hajazaliwa. Hata kipande cha sabuni watakutazama vibaya. Kwa hiyo kila kitu kiliangukia ndani ya zile siku arobaini, na mimi nikazipoteza nyingi kwa kuuliza bei huku na huku. Zilipobaki tisa nilikuwa siwezi kukaa. Nikifunga bolti za mashine ya mtu, macho yangu yalikuwa yanaona magurudumu mengine. Nyumbani nilikuwa natoka mlangoni, natazama barabara, napima korongo kwa hatua, narudi ndani, natoka tena.

"Baba mtoto, keti basi," mke wangu alisema. "Unamwamsha."

Niliketi. Kabla hajamaliza kumfunika mtoto nilikuwa nimesimama.

Nikaenda Ruangwa, kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta mitumba ya Dar. Alikuwa na vigari vinne mbele ya duka. Nilichukua futi kamba, spana na kopo la mafuta ya kulainishia, na sidhani kama mji ule umewahi kuona mteja kama mimi. Nilipindua kila kigari miguu juu. Nilizungusha magurudumu nikasikiliza beringi. Nilikanyaga breki, nikasukuma kwa bega. Nilipima upana wa tairi.

"Mzee, unanunua kigari au trekta?" mwenye duka aliuliza.

"Nanunua usalama."

"Basi chukua trekta, nikuongezee na jembe."

Nilichagua chenye magurudumu makubwa ya mpira, springi nyuma, na breki ambayo hata mimi sikuweza kuishinda. Kilifungwa juu ya basi, na nilipokishusha Nachingwea sikukibeba. Nilikisukuma kupita sokoni polepole, kikaruka mashimo kama hakuna kitu. Yule fundi wa mageti alikitazama kikipita mbele ya kibanda chake, akashusha miwani yake akarudi kuchomelea.

Nyumbani mama mkwe alikizunguka. Ni lazima nieleze kwamba kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawajibizani. Mkiwa chumba kimoja, maneno yanapitia kwa mke.

"Mwambie mumeo kigari ni kizuri," alisema.

"Mwambie mama nashukuru."

"Mwambie mtoto atakaa humo kama mzee wa baraza."

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, anazuia kicheko kisivute mshono.

"Mwambie mama kina mkanda. Unapita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu."

Mama mkwe aliushika mkanda, akauvuta. Kisha akasema niambiwe nipime ufuta wenye uzito wa mtoto. Alikuwa amekuja na ufuta wa msimu uliopita kwa ajili ya kumpikia mzazi. Niliona ni jambo la kupoteza muda, lakini mkwe habishi. Nilitazama kadi ya kliniki, nikaleta mizani ya karakana, nikajaza mfuko wa kitambaa hadi uzito ukalingana, nikaufunga. Mama mkwe aliuketisha kwenye kigari, akaukaza mkanda mwenyewe, akanionyesha kwa mkono kwamba nisukume.

Nilisukuma hatua tano uani. Mkanda haukulegea hata kidogo. Lakini ufuta ulishuka taratibu ndani ya mfuko, mfuko ukajikunja katikati, na sehemu ya juu ikalala juu ya ile ya chini.

"Hapo ndipo pua ilipo," mama mkwe alisema.

Hakusema "mwambie". Alinitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mtoto huyu shingo yake haijakaza, baba. Kichwa kikianguka mbele hivi, pumzi inakatika. Halii. Utasukuma mpaka kliniki ukidhani amelala."

Nikasema, nikiwa nimeinamisha macho, kwamba tunaweza kuweka mto nyuma yake.

"Mto utamfunika pua kutoka upande mwingine."

Nilitaka kueleza habari za springi. Springi hazikuhusika. Nilikagua magurudumu, breki na fremu, nikasahau kwamba mzigo ni mtu. Kiti kile kilitengenezwa kwa mtoto anayekaa mwenyewe, na mgongo wake haukulala kabisa. Hilo lingeonekana na mtu yeyote ambaye hajasoma mitambo.

Asubuhi yake nilirudi Ruangwa, kigari juu ya basi, mfuko wa ufuta mapajani. Mwenye duka alikubali kubadilisha. Mara hii nilianza na kitanda. Kimoja kililala bapa kabisa, godoro lake jembamba na gumu, kuta zake ndefu, kivuli chake kina dirisha la wavu la kupitishia hewa. Breki ilikuwa ya kukanyaga mara moja ikashika magurudumu yote mawili ya nyuma. Magurudumu yenyewe yalikuwa madogo kuliko ya kile cha kwanza, na hilo liliniuma. Nilikisukuma nyuma ya duka kwenye mtaro na ufuta wangu ndani, mara kumi, labda zaidi. Mfuko haukujikunja. Nikigeuza kigari na kukivuta kinyumenyume penye shimo, haukusogea hata kidogo.

"Jamaa anabembeleza ufuta," mtu mmoja alisema, wakacheka. Niliendelea.

Kilikuwa ghali kuliko kile cha kwanza. Fedha zangu zote zilikuwa kwenye vipuri, na wakulima wananilipa wakiuza. Ningeweza kuchukua cha bei ndogo ambacho kililala nusu. Nilikishika, nikakiachia. Halafu mimi, ambaye nilikuwa nikijisifu kwamba sijawahi kukopa, nikampigia simu fundi wa mageti. Sikupata hata nafasi ya kujieleza.

"Ni ya kigari?" aliuliza.

"Ni ya kigari."

"Natuma. Cheko nitacheka ukifika."

Fundi cherehani, rafiki wa mke wangu, naye alituma. Kilichobaki mwenye duka aliniamini, kwa kunitazama nilivyohangaika na ule mfuko.

Arobaini ilipita, mtoto akanyolewa, mama mkwe akapanda gari la Ruponda kuwahi shamba lake. Siku ya kliniki nilifunga karakana nikawafuata. Mke wangu alisukuma mwenyewe, mgongo wima, bila kuinama. Penye mchanga nilivuta mimi. Jua lilipokuwa kali alitandaza kanga juu ya kigari chote. Niliitoa, kwa sababu nilipoingiza mkono chini yake joto lilikuwa la jikoni, nikashusha kivuli badala yake. Kila baada ya nyumba tatu nne nilisimama nikaweka vidole karibu na pua ya mtoto.

"Anapumua," mke wangu alisema. "Wewe ndiye hupumui."

Alilala njia nzima, kichwa kimenyooka, mdomo wazi kidogo. Muuguzi alimpima, na uzito ulikuwa umepita ule wa mfuko.

Wakulima walipouza, nililipa wote watatu kwa siku moja. Nilianzia Ruangwa alfajiri kwa mwenye duka, nikarudi kwa fundi cherehani, nikamalizia kwa fundi wa mageti. Alizipokea bila kuzihesabu, akaziweka mfukoni.

"Sasa hunidai," nilisema.

"Sikudai. Ila nina ombi. Mke wangu yuko karibu kujifungua. Sinunui kitu, unajua mambo yetu. Nasema tu siku ikifika, kile kigari."

Binti yangu alikuwa ameanza kuinua kichwa mwenyewe, muda si mrefu angehama kile kitanda. Hata hivyo nilimwambia siwezi kujibu kabla ya kuzungumza nyumbani, nikaenda kumwuliza mke wangu. Alikuwa amekwisha kukubali. Mke wa fundi alimwomba wiki iliyopita, na wawili hao walikuwa wananisubiri tu nimalize kulipa.