V Tatu za Mafuta ya Korosho

Jeshi lilipotangaza kwamba linataka wauguzi, mtaa wetu wa Mtawanya ulipata habari kabla yangu. Nilirudi jioni kutoka zahanati nilikokuwa najitolea, yaani nafanya kazi zote za muuguzi na kulipwa ahsante, nikakuta majirani wameshanipangia kambi, kwata na mchumba mwenye nyota mabegani. Mimi nilitazama jambo moja tu kwenye tangazo: umri. Nilikuwa bado ndani, kwa kuchungulia. Nafasi zikitangazwa tena mwakani ningekuwa mzee wa kijeshi, maana jeshini uzee huanza mapema kuliko kwingine kote duniani. Basi ilikuwa sasa au nife nikiwa najitolea. Niliitaka kazi ile kweli kweli.

Stashahada ya uuguzi nilikuwa nayo. Mume sina, mtoto sina, na kwa mara ya kwanza mashangazi zangu waliyaona hayo mawili kuwa mafanikio. Kisha nikafika pale palipoandikwa kwamba mwombaji awe na afya njema na asiwe na mchoro wowote mwilini. Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye bega la kushoto.

Begani pale nina V tatu, moja juu ya nyingine, nyeusi, zimetulia. Si wino. Ni mafuta ya korosho.

Nilikuwa darasa la tatu, likizo, kwa bibi huko Mahurunga karibu na mto. Wanajeshi wa doria ya mpakani walikuwa wakipita kijijini, na mmoja wao alikuwa sajenti mwenye V tatu kwenye mkono wa shati. Akipita, mwenyekiti wa kijiji alisimama. Mwenyekiti yule hakuwahi kumsimamia mtu, hata imamu. Nikaamua kwamba nami nitasimamiwa. Kila mtoto wa kwetu anajua kuwa ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma ngozi, na wenzangu walikuwa wakijiandika nayo herufi za majina yao. Herufi niliona ni mambo ya kitoto. Nikachukua kijiti, nikachovya, nikajipandisha cheo.

Ngozi ikatumbuka, nikapata homa. Mama alipopata habari alikuja kutoka mjini, akanibeba mgongoni hadi zahanati, na njia nzima alikuwa akigeuza shingo kunipulizia kidonda. Hakunipiga. Mama hajawahi kunipiga kwa lolote. Hata kuku akiingia ndani humtoa kwa kumbembeleza. Nesi wa zahanati alinisafisha taratibu huku akinisimulia hadithi ya sungura. Kwa hiyo tamaa zangu zote mbili, ya jeshi na ya uuguzi, nilizipata kwenye jeraha moja.

Siku ya uchunguzi wa afya tulikuwa wengi kwenye foleni, wauguzi watupu, na sijawahi kuona kundi la watu wa hospitali lenye hofu ya daktari namna ile. Kila mmoja alikuwa na lake. Kaka mmoja wa Chuno mwenye nyayo bapa alikuwa anakanyaga kwa pembe za miguu tangu getini. Dada mwenye pumu alipumua kwa zamu, kama anabana matumizi. Sisi ndio tunaowaambia wagonjwa kila siku kwamba mficha uchi hazai.

Mwingine akatutia moyo. Alisema amesoma kwenye simu kwamba nchi nyingine, jeshi likimhitaji sana muuguzi, humpa kibali cha kusamehewa kasoro: pumu, macho, hata michoro. Tukamzunguka. Tukamtuma kwa sajenti meja aliyekuwa akisimamia foleni.

"Afande, samahani. Kibali cha kusamehewa kasoro kinapatikana wapi?"

"Kipo," alisema sajenti meja. "Unatoka getini, unapinda kulia, unakwenda kwenu."

Ndani alikuwapo daktari wa jeshi, kijana mwenye miwani na sauti ya upole. Macho yangu yalifaulu, masikio yakafaulu, meno, presha, nyayo, vyote. Nilianza kujiona nimeshavaa buti. Akaniambia nigeuke. Nikageuka.

"Hii nini?" daktari aliuliza.

"Kovu, afande. Niliungua mafuta ya korosho."

Sajenti meja alisogea akainama. "Kovu lenye cheo? Mimi V hizi nilizitafuta mpaka nywele zikaondoka kichwani. Wewe umejipa mwenyewe!"

Daktari hakucheka. Alinieleza vizuri, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa dozi. Kuungua si kasoro. Mtu anaweza kuwa ameungua mgongo mzima, na kama viungo vinafanya kazi, anafaa. Mchoro wa kujichora kwa hiari ndio haufai, hata uwe mdogo. Nilimwelewa. Kosa langu halikuwa kuungua, bali kuungua kwa mpangilio.

"Ilikuwa ajali, au ulijichora?"

Nikavuta shati kufunika bega. Yeye akadhani naona haya, akanionea huruma. Akasema kesho nije na mzazi aeleze ilivyokuwa.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, anabangua korosho za watu. Ndiyo kazi iliyonisomesha, na mikono yake imeungua tangu vidoleni hadi juu ya viwiko, mabaka meusi juu ya mabaka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu alama zile. Nilimweleza yote. Nikamwomba aseme ilikuwa ajali, kwamba mafuta yaliruka kutoka kwenye kikaango.

"Kikaango gani hicho kinachojua kuandika?" alisema.

Jirani mmoja alikuwa na rai yake: nipake mafuta mengine ya korosho juu yake usiku ule ule, V zipotee, libaki baka moja kubwa la heshima. Nakiri nililiwaza. Mimi, muuguzi mwenye stashahada, niliyekwisha kuwagombeza akina mama wangapi kwa kupaka vidonda mafuta ya taa! Mama alimfukuza yule jirani kwa upole, kama anavyofukuza kuku.

"Niachie mimi," alisema. "Kesho wewe nyamaza tu."

Asubuhi alivaa doti yake ya Idi. Daktari alimpa kiti, akakataa kukaa.

"Mama, hizi alama za binti yako unazijua?"

"Nazijua, bwana daktari. Nilimchoma mimi."

Nilimgeukia. Hakunitazama.

"Ulimchoma wewe? Kwa nini?"

"Alikula korosho za kuuza. Nikamkamata, nikamchoma. Alikuwa mkaidi."

"Mistari sita?" daktari aliuliza. Sauti ya upole ilikuwa imeondoka.

"Nilimwambia lia, hakulia. Nikaongeza."

Sajenti meja alikuna kichwa chake kisicho na nywele. "Lakini mama, mbona imenyooka hivi? Imekaa sawasawa kabisa."

"Siye Wamakonde, baba," alisema mama. "Hata tukiadhibu, hatuadhibu ovyo ovyo."

Sajenti meja aliridhika. Jibu lile lilimwingia kabisa, nikaona anatikisa kichwa kama mtu aliyepewa elimu. Daktari ndiye aliyeinuka. Alimsema mama mbele ya watu wote waliokuwamo mle. Alimwuliza ana moyo wa namna gani. Alimwambia kwamba angekuwapo siku ile angempeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe.

"Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe uchungu huo hukuujua?"

"Nimekosa, bwana daktari," alisema mama, macho chini, mikono ameifumbata ndani ya khanga.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia daktari kwamba huyu ndiye aliyenipulizia kidonda njia nzima kutoka Mahurunga. Lakini nilikuwa nimeambiwa ninyamaze, na kazi nilikuwa naitaka. Daktari akatangaza kwamba ni kovu la kuumizwa, si mchoro. Ninafaa. Ndivyo nilivyojifunza kanuni: mtoto akilipenda jeshi mpaka akajichoma, hafai, mzazi akimchoma, anafaa.

Nje nilimvaa mama kwa hasira. "Umejiaibisha kwa nini? Mbele ya watu wote wale!"

"Aliyekuja kuomba kazi ni wewe au mimi?" alisema. "Basi. Mimi aibu hainizuii kubangua korosho."

Mafunzo sitayasimulia, yalikuwa mafunzo. Kambini huko daktari alikuwa yule yule, na kila tulipokutana aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina amani, kama nyumbani wananitendea vyema. Alikuwa mtu mwema kweli, ndiyo maana sikuweza hata kumchukia. Nilimjibu, "Ndiyo, afande."

Siku ya gwaride la kumaliza, wazazi walialikwa. Mama alisafiri na kikapu cha korosho zilizokaangwa vizuri, kwa ajili ya wakubwa wangu. Baada ya gwaride daktari alipita kwenye mstari wa wazazi kuwapongeza, akimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili, akiwashukuru kwa malezi. Mama alikuwa katikati ya mstari. Alikwisha kuunyoosha mkono, ule wenye mabaka. Daktari alimfikia, akamtazama, akamruka, akampa mkono mzee aliyefuata.

Mama akaurudisha mkono ndani ya khanga. Nilikimbia kwake nikiwa na sare zangu, machozi yananitoka mbele ya kombania nzima, na sikujali. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Amenikumbuka yule," alisema. Kisha akagusa mkono wa shati langu, pale begani, palipokuwa patupu. "Sasa hapa wakupe wao."