Skripti Iliyosema Tayari

Kazini walimwita Bi Ikishindikana. Jina hilo alijipatia kwa ulimi wake mwenyewe, maana kila kikao cha kitengo cha kompyuta cha hospitali kilipofika mwisho, watu wakiwa wameshashika mikoba, yeye ndiye aliyeuliza, "Na ikishindikana, je?" Fundi mwenzake alisema mama huyu hata akifungua mwavuli huuliza kwanza kama mvua ina hakika. Alicheka nao, na kikao kilichofuata akauliza tena.

Mara moja tu aliuliza akanyamazishwa, na akakubali kunyamaza.

Ilikuwa habari ya skripti ya kuwasha huduma. Seva, kompyuta kuu ya hospitali, ikiamka baada ya umeme kukatika, huisoma skripti hiyo, yaani mlolongo wa amri, mstari kwa mstari: washa printa, washa mapokezi, washa duka la dawa, washa mlinzi. Huyo mlinzi ni programu inayosoma joto la friji ya damu kule maabara na kupiga simu likipanda. Zamani, mstari mmoja ukikwama, skripti nzima ilisimama. Basi siku moja printa ikagoma, mapokezi hayakuwaka, foleni ikafika getini, na mkurugenzi akafoka mbele ya wagonjwa.

Mkuu wa kitengo alirudi ofisini akitokwa jasho. "Toa huo upuuzi wa kusimama."

"Shemeji, na ikishindikana..."

"Ikishindikana iendelee! Watu wakose daktari kwa sababu ya printa?"

Kuhusu printa alisema kweli, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Neno la kweli juu ya kitu kimoja likitandazwa juu ya vyote hugeuka uongo. Lakini yule alikuwa mkubwa wake wa kazi, tena mume wa mdogo wake, na kumbishia mtu wa namna hiyo ni kubishana mara mbili. Wakakaa pamoja mbele ya skrini, yeye akiandika, shemeji akisimamia. Kila mstari ukaongezewa maneno ya kuiambia mashine: hata ukishindwa, endelea. Malalamiko yote ya mashine yakaelekezwa shimoni, pasipotoka kitu. Mwisho kabisa ukabaki mstari wa kijani: TAYARI. Mstari huo haukukagua chochote. Ungesema tayari hata jengo likiwaka moto.

Miezi ikapita kwa amani, na amani ya namna hiyo hulevya.

Siku ambayo mambo yaliharibika, Bi Ikishindikana alikuwa mapumzikoni. Alifika hospitali mchana kama ndugu wa mgonjwa, kikapu mkononi, kumtazama mdogo wake katika wodi ya wazazi. Mdogo wake alikuwa afanyiwe upasuaji wa uzazi kesho yake asubuhi. Uzazi uliotangulia alivuja damu nusura aage dunia, na kundi lake la damu ni adimu. Daktari alikuwa ametamka wazi kwamba hatashika kisu bila chupa za damu hiyo kuwa tayari, na chupa zilikuwa zimehifadhiwa maabara.

"Ungekuwapo asubuhi ungecheka," mgonjwa alisema, akijisogeza kwa shida juu ya mto. "Umeme ulikatika, watoto wote wakaangua kilio kwa pamoja. Uliporudi, wakanyamaza kama waliokemewa."

Dada mtu hakucheka. Mkono ulikuwa umeshaingia mkobani kutafuta simu. Mlinzi akiamka humtumia ujumbe mfupi: nimeamka. Asubuhi hiyo hapakuwa na ujumbe. Alitazama mara ya pili, akazima simu na kuiwasha. Hapakuwa na kitu.

"Dada, unaikodolea macho hiyo simu kama mchumba aliyekukimbia."

"Naja. Nakuchukulia maji ya moto."

Korido aliipita nusu akitembea, nusu akikimbia, huku akimpigia shemeji.

"Skrini iko mbele yangu," shemeji alimjibu. "Tayari, kijani kibichi. Wewe leo si una mapumziko? Kaa na mwenzio."

"Mlinzi hajatuma ujumbe."

"Mtandao wa simu huo. Ukianza na ikishindikana zako mpaka wodini, utampandisha mke wangu presha."

Alikata simu. Alijipa moyo: huenda kweli ni mtandao. Moyo ukakataa kupewa.

Mtaalamu wa maabara, mzee wa miwani minene, alikuwa ameinamia darubini. "Friji ni salama, mwanangu," alisema bila kuinuka. "Simu haijalia."

"Tuitazame tu, mzee wangu."

Taa ya friji ilikuwa imezima. Umeme uliporudi kwa kishindo, swichi ya ukutani ilijiangusha, na hakuna aliyeigusa, kwa kuwa wote waliamini kwamba mlinzi angepiga kelele. Mzee alifungua mlango, akasoma kipimajoto, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Tukiwasha sasa hivi?" Bi Ikishindikana aliuliza, ingawa alilijua jibu.

"Damu si mchuzi, mwanangu, ukaipoza tena ukasema haijaharibika. Hizi hazimwingii mtu." Akaanza kuzitoa moja moja, na zile zenye jina la mdogo wake zikawa miongoni mwa hizo.

Shemeji aliitwa akaja mbio. Alizitazama chupa, kisha wakarudi wote wawili ofisini. Alikaa mbele ya seva, akamwita mlinzi peke yake, nje ya skripti, safari hii bila kumziba mdomo. Mlinzi akasema kwa maneno mepesi kwamba diski anayoandikia haijaamka tangu umeme urudi, kwa hiyo ameshindwa.

"Na asubuhi alisema hivi hivi," shemeji alinong'ona.

"Alisema, nasi tukamtupia maneno yake shimoni."

Shemeji alivuta karatasi na kalamu. "Kwenye taarifa tuandike hitilafu ya umeme."

"Umeme ulirudi, shemeji. Sisi ndio hatukurudi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi huisema methali hii kwa ajili ya jirani zao tu, na mtu asiyetaka kuona mstari mwekundu wa hitilafu kwenye skrini hajui ni nani atakayelipia raha yake. Shemeji aliinamisha kichwa, kisha akamsogezea kibodi. Printa waliiachia ruhusa ya kushindwa. Mlinzi wakamwandikia sheria yake: asubiri diski, ajaribu tena, akishindwa, skripti isimame na kupiga kelele hospitali nzima. TAYARI ikakatazwa kutokea mpaka kila huduma ijibu yenyewe kwamba iko hai.

Kazi hiyo haikurudisha damu. Daktari aliahirisha upasuaji, akaonya kwamba uchungu ukianza kabla damu haijapatikana, hatawajibika kwa kitakachotokea. Ndugu wakapigiwa simu. Damu ya shemeji haikulingana. Ya Bi Ikishindikana ililingana, akalala kwenye benchi na kunyoosha mkono. Ya binamu yao nayo ikalingana. Zilitakiwa kupimwa kwanza, na vipimo haviendi kwa kukimbizwa.

Walirudi wodini pamoja. Mgonjwa aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona plasta kwenye mkono wa dada yake.

"Hayo maji ya moto yalichotwa mshipani?" aliuliza. Kisha sauti ikashuka. "Kuna nini?"

"Hakuna..." mumewe alianza. Akasita. Akavuta kiti, akakaa karibu, akamshika mkono. "Kuna. Damu yako imeharibika, na mimi ndiye niliyeagiza kengele inyamazishwe. Dada yako aliuliza, nikamkatisha. Tunangoja majibu ya damu nyingine. Huenda yakawahi, huenda yasiwahi. Sijui."

Mgonjwa alifumba macho kwa muda. Mkono wake mwingine ulikwenda tumboni, ukatulia hapo.

"Basi usiondoke," alisema. "Na mtoto akianza kusukuma, nitakwambia papo hapo. Nawe ukisikia lolote kutoka maabara, zuri au baya, uniambie papo hapo."

"Papo hapo."

Wakaketi watatu, macho mlangoni, wakimngoja yule mzee wa miwani.