Machozi Kabla ya Meza ya Bwana

Katika kanisa letu pale mjini Baraka, mtu aliyelia wakati wa wimbo hakuachwa hivi hivi. Tulifundishwa kwamba machozi ni dhambi inayotafuta mlango wa kutokea. Basi aliyelia alisaidiwa: aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akatubu, akaombewa. Niliona wengi wakirudi nyumbani wepesi. Kwa hiyo nilipoanza kulia mimi, sikumlaumu mtu yeyote aliyengoja nitubu.

Ilikuwa miaka ya elfu moja mia tisa na hamsini, kuelekea mwisho wake. Nilikuwa na wajukuu tayari, na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo za akina mama. Jumapili moja nilifungua kinywa, sauti ikakatika, machozi yakashuka. Jumapili iliyofuata, vilevile. Nyumbani nilikuwa namkaripia mke wa mwanangu kwa sababu ya chumvi, kisha naingia ndani kulia kwa kuwa nimemkaripia. Usingizi ulinikimbia. Joto lilinipanda kutoka kifuani hadi usoni nikiwa nimekaa kivulini, na nyuma yake ilikuja hofu isiyokuwa na sababu.

Mwalimu, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa kanisa letu, alinijia. Hakuwa mkali.

"Mama, Meza ya Bwana iko Jumapili. Kesho utakuja mbele ya wazee, utuambie kitu inakulemea. Kama unaficha, hautashika kikombe, na nyimbo tutapatia mwingine."

Nyimbo zile zilikuwa maisha yangu. Nikaupekua moyo wangu kila pembe, nisipate kosa la kulingana na machozi yale. Mwisho nikaamua kujichagulia dhambi, kama mtu anavyochagua kitambaa dukani: isiwe kubwa ya kuaibisha nyumba, wala ndogo ya kuchekesha wazee.

Mchana huo nilikuwa barazani nachambua pamba na wifi yangu, dada ya mume wangu. Nyeupe tuliweka huku, iliyochafuka kule. Yeye alikuwa Mkatoliki, tena wifi, basi alikuwa na ruhusa mara mbili ya kunicheka.

"Nitawaambia nilikuonea wivu juu ya ile nyungu yako ya kupikia," nikamwambia.

"Nyungu yangu usipeleke kwa Baprotestanti. Itaanza kulia nayo." Akanitazama. "Na kweli ulinionea wivu?"

"Hapana. Ile nyungu ni mubaya."

Akacheka mpaka pamba ikamtoka mkononi. Mimi nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia. Akaninyang'anya pamba. "Unalowesha ya mweupe." Halafu akaacha mzaha. "Wifi, siku zako uliona lini?"

Nikafikiri. "Wakati tulipanda hii pamba. Mbele ya pale zilikuwa zinakuja, zinapotea."

"Na joto?"

"Iko."

"Mi mwaka jana nililia juu ya kuku. Kuku muzima, anatembea. Jirani akaniuliza nani amekufa. Ni miaka yetu, wifi. Haiko zambi."

Wewe unayesoma, nikueleze polepole, kwa sababu mimi sikuelezwa na mtu. Siku za mwezi hazikomi kwa ghafla. Kabla hazijakoma mwili huyumba kwa miaka kadhaa, na moyo huyumba pamoja nao. Huzuni, hasira, kusahau, hofu: vyote vyaweza kuja kwa mwanamke mwenye akili timamu na nyumba yenye amani. Hujaharibika. Pumzika unapoweza, na tafuta mwenzako mmoja wa kumwambia.

Shida ilikuwa kwamba mambo hayo hatukuyataja mbele ya wanaume. Kudanganya kulikuwa rahisi kuliko kusema kweli. Nilikwenda Jumamosi ile nikiwa na nyungu ya wifi tayari ulimini.

Wazee walikaa kwenye benchi. Mwalimu akaniambia niseme bila kuogopa. Nikamwangalia, nikaona haki yake ya kuambiwa kweli ni kubwa kuliko aibu yangu.

"Sina zambi ya kutubu juu ya haya machozi," nikasema. "Ni mwili wangu unageuka, kwa umri. Bamama wote wanajua. Muulize bibi zenu nyumbani."

Kwetu bibi ni mke, na kila mzee pale alikuwa naye. Mzee mmoja alitazama miguu yake. Mwingine alikohoa. Nikaanza kufikiri nani atapewa nyimbo zangu.

Ndipo mwalimu akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe: "Bibi yangu analia kwa jiko, kila siku. Nilifikiri ni moshi."

Akafunga kikao kwa sala fupi.

Jumapili nilianzisha wimbo, na sauti ilikatika palepale ilipozoea kukatika. Mke wa mwalimu, aliyekaa nyuma yangu, aliuchukua wimbo bila kusita. Nilipojifuta macho niliupokea tena, na kikombe kilipofika nikakishika.