Mwizi wa Ukoko

Umewahi kusikia mtu anaibiwa ukoko?

Si kuku. Si unga, ambao miaka ile ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Ukoko, ule mgumu unaobaki chini ya sufuria ya ugali. Mimi Salvina niliibiwa, Ushirombo, mchana kweupe, na mwizi alikuwa mtu wa mwisho ambaye ungemtaja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ndoa yangu bado mbichi. Mume wangu Pantaleo yuko Bulyanhulu na wachimbaji wenzake, na kila salamu anayotuma ni ileile: duara, yaani shimo lao, liko karibu kutema dhahabu.

Nyumbani kaniachia watu wawili. Baba yake, mzee Ansgar, aliyefiwa na mke zamani. Na shangazi yake Mektilda, dada wa mzee.

Shangazi alikuwa na mdomo. Ukizidisha chumvi asubuhi, mchana parokia nzima inajua.

Mzee Ansgar alikuwa na saratani ya tezi. Anapelekwa hospitali kubwa Mwanza kuchomwa sindano za dawa kali ya kuua uvimbe, anarudi kupumzika wiki kadhaa, kisha anakwenda tena. Uvimbe wa shingoni ulikuwa unanywea vizuri tu. Shida ikawa chakula. Hakipiti.

Nesi hakuzunguka: "Akija tena amepungua, hachomwi. Mwili hautaihimili dawa."

Na bila sindano uvimbe unarudi. Hilo tulilijua sote.

Basi tukapika. Majirani wakaleta kuku, maana kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nikakaanga, nikaunga kwa karanga, nikatafuta mchele. Shangazi ndiye anapeleka chumbani, kwa sababu baba mkwe na mkamwana hawatazamani wakila, na jikoni kwangu mzee hatii mguu. Bora afe njaa. Na ndiko tulikokuwa tunaelekea.

Sahani inarudi kama ilivyokwenda.

"Umeweka nini humu?" shangazi ananiuliza.

"Kuku, shangazi."

"Kuku gani haliki?"

Nililia, lakini si kwa maneno yake. Nilikuwa nampenda yule mzee. Pantaleo aliponichumbia, ndugu walinung'unika kwamba anaoa yatima. Mzee Ansgar alisema neno moja tu: "Sasa ana baba." Leo baba mwenyewe anafunga suruali kwa kamba.

Ndipo ukoko ukaanza kupotea.

Mimi na ukoko ni damu damu. Baada ya chakula naacha sufuria ipoe, nikitoka kisimani naubandua natafuna. Sasa nikirudi nakuta sufuria imekwanguliwa, nyeupe.

"Labda ni mbwa," shangazi akasema.

"Mbwa gani akimaliza anafunika sufuria?"

Akanitazama kidogo. "Nenda kateke maji, mayu, mama yangu."

Nikachungulia mtungi. Maji tele. Lakini nani abishane na Mektilda? Nikachukua ndoo nikaondoka.

Nusu ya njia nikakumbuka nimesahau ngata ya kichwani, nikageuza.

Naingia jikoni, nani huyu? Mzee Ansgar. Kachuchumaa kando ya mafiga, ukoko mkononi, anatafuna polepole kama mtu anayesali.

Nikageuka nikautazama ukuta. Naye akageuka, nikasikia kiti kikianguka. Tukabaki hivyo, mgongo kwa mgongo, heshima zetu zote zimemwagika sakafuni.

"Baba," nikauambia ukuta, "ukoko?"

"Hauna harufu, mwanangu. Kuku wako nikimnusa tu tumbo linapinduka. Kijiko nacho ni kama nalamba msumari. Huu umepoa, naushika kwa mkono, unakaa."

"Kwa hiyo hamu imerudi?"

"Hamu sina. Naula kama ninavyolima. Naitaka ile sindano."



"Usimwambie Mektilda," akaongeza. "Atanitangaza."

Kuanzia hapo nikawa nausonga ugali na kuuacha ushike hasa. Ukoko ukipoa, naupaka karanga za kusaga, naweka kando yake kibuyu cha maziwa mgando. Kupika kuku nikahamishia nyuma ya nyumba ya jirani, harufu ikamsumbue yeye. Kisha shangazi akinituma maji, nabeba ndoo yangu naenda zangu. Siku nyingine nilikuta kamaliza, siku nyingine kauacha karibu wote. Sikuuliza, kesho nikaweka tena.

Shangazi naye akapata habari ya kutembeza. "Mke wa Pantaleo anaunguza kila ugali," anawaambia akina mama nje ya kanisa. Wanacheka. Mimi nimemeza siri yangu, nacheka nao.

Siku ya mizani ikafika. Shangazi akamsindikiza Mwanza, nikabaki nyumbani nahesabu siku.

Waliporudi, mzee alishuka kwenye lori amekunja shati, plasta mkononi. Amechomwa. Nikakimbilia jikoni nikalia peke yangu kwa furaha.

Sindano zikaendelea mpaka zikaisha. Mzee akapona, mwenyewe akambeba kifungua mimba wangu kwenda kubatizwa.

Siku ile ya ubatizo, tunaosha vyombo, nikaona sasa niutue mzigo.

"Shangazi, ule ugali sikuwa naunguza kwa bahati mbaya."

"Najua."

"Unajua nini?"

Akaendelea kusugua sufuria. "Mtungi ulikuwa umejaa kila siku. Hukujiuliza nakutuma maji ya nini?"

Nikaweka sahani chini.

"Nilimwona kabla yako," akasema. "Ningempelekea ukoko kwenye sahani, angeukubali? Mwanamume na heshima zake. Nikaona bora nikutoe wewe jikoni."

"Na kunitangaza kwa watu je?"

"Ulitaka waulize ukoko wote ule unaliwa na nani? Bora wacheke mapishi yako kuliko kumcheka kaka yangu."

Mdomo wote ule, kumbe siri kubwa kuliko zote ameikalia yeye.

Wewe unayemuuguza mtu wa dawa zile, usishindane na majirani kwa kuku. Muulize mgonjwa kipi kinapita. Kikiwa ukoko, basi ni ukoko, na umwache aule bila kumkodolea macho.

Na mwenye mdomo akikutuma maji wakati mtungi umejaa, chukua ndoo uende.