Maua Yaliyobaki Kwenye Parsele
Mama Marceline aliishi na mume wake, Papa Gérard, kwenye kilima kikavu cha Kalemie, ambako maji hupandishwa kwa bidoni, yaani madumu. Mbele ya nyumba, kwenye parsele yao, yaani kiwanja chao, alipanda maua mafupi ya zambarau, yanayovumilia jua na kuchanua mwaka hadi mwaka.

Gérard alipokufa, mdogo wake Éliézer alikuja kuchukua nyumba. Marceline, aliyetakiwa kuondoka, akaanza kung'oa maua yake aende nayo.

"Mama, acha hayo," Éliézer alimwambia. "Yanapendezesha parsele."

"Mimi njo niliyapanda, mimi mwenyewe!"

"Parsele njo ya kaka yangu."

Akayaacha, akaenda kupanga chumba karibu na bandari.

Jumapili iliyopita, akitoka misa, alipita pale. Hakuna aliyeyamwagilia, lakini yalikuwa yamechanua kuliko zamani. Marceline, ambaye hakulia siku aliyofukuzwa, alilia hapo barabarani.