Sala Ndefu Kabla ya Kura

Mwaka ule mjukuu wangu alikuwa akimaliza darasa la tatu, na chumba cha darasa la nne kilikuwa juu ya ngazi nne za saruji. Kiti chake cha magurudumu hakikuweza kuzipanda. Mwalimu mkuu alinieleza kwa upole kwamba bila njia ya mteremko hataweza kumpokea Januari, labda mtu awe akimbeba kila siku. Mama yake, binti yangu, tulishamzika. Nilibaki mimi na goti langu bovu.

Fedha za chama cha wazazi zilitosha jambo moja tu, mteremko au uzio mpya wa uwanja. Tulikutana kupiga kura Jumamosi ya mwisho ya muhula. Kanuni ilitaka wazazi ishirini wawemo chumbani mikono inapohesabiwa, la sivyo hakuna uamuzi. Tulikuwa ishirini na watatu. Mama msusi, jirani yangu wa mtaa wa Hillbrow aliyekuwa akinitafsiria, alininong'oneza, "Papa mzee, nimeongea nao. Wengi wako na sisi."

Mwenyekiti, mama mwenyeji wa Soweto, akasema tuanze kwa sala, kisha kura. Akaniomba mimi.

Nimekuwa katekista tangu nikiwa kwetu Bukavu. Nikafumba macho. Nikashukuru kwa shule, kwa walimu, kwa nchi iliyotupokea. Nikasikia viti vikisogezwa. Nikadhani watu wanapiga magoti, kama tufanyavyo kanisani kwetu, na moyo ukanijaa furaha. Nikaendelea. Nikawaombea hata waliotaka uzio.

Nilipofumbua macho, safu ya nyuma ilikuwa tupu. Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi, saluni na kwenye meza za kuuzia barabarani. Walikuwa wametoka kwa kunyata, kwa heshima, wasinikatize. Mwenyekiti alihesabu mara mbili. Kumi na saba.

"Pole, Baba. Itabidi muhula ujao."

"Muhula ujao mtoto atakuwa hana darasa."

"Kanuni ni kanuni, Baba. Hata mkono wangu ungekuwa wa mteremko."

Mama msusi alikuwa akichukua mkoba wake aondoke. "Eish, papa. Mungu alikusikia tangu neno la kwanza."

Mjukuu wangu alikuwa akinisubiri uwanjani. Akauliza kwa Kiingereza chake kama wamekubali. Nikamwambia hawakupiga kura, kwa sababu babu aliomba muda mrefu mno.

"Uliniombea mimi?"

"Nilikuwa bado sijakufikia," nikasema, na ilikuwa kweli.

Januari, siku ya kwanza, nilimbeba mgongoni. Kwenye ngazi ya tatu goti likakataa. Nikamshusha taratibu, nikaketi naye palepale, watoto wengine wakitupita. Nilimshukuru Mungu kwamba hatukuanguka. Sala ikaishia hapo. Kengele ikalia, nasi tukaendelea kukaa, tukitazama mlango wa darasa.